Jawabu kwa Aliyeuliza Juu ya Ndondi

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ametuletea suala kijana mmoja katika wanafunzi wa darsa yetu. Auliza: mtu aliyezoea mapigano ya mchanganyiko, yale ya ngumi, mateke na mieleka pamoja, akiitwa kwenye ndondi kwa malipo makubwa zaidi, je, yafaa ahame? Akatutajia habari za Francis Ngannou wa Kameruni, aliyepata ubingwa wa uzito wa juu katika mapigano hayo mwaka 2021, kisha akaingia ndondi. Tarehe 28 Oktoba 2023, mjini Riyadh, alimwangusha Tyson Fury katika raundi ya tatu, ingawa waamuzi wawili kati ya watatu walimpa Fury ushindi. Hayo kijana wetu aliyataja. Hakutaja yaliyofuata tarehe 8 Machi 2024, katika mji huo huo, ambapo Anthony Joshua alimwangusha Ngannou mara tatu katika raundi mbili, na mara ya mwisho akalala hana fahamu.

Twasema, na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu: dini yetu haichukii nguvu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora kuliko aliye dhaifu, na imepokewa kuwa yeye mwenyewe alishindana mieleka na Rukana akamwangusha. Lakini ni yeye aliyetuamrisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba mtu akipigana na nduguye auepuke uso. Basi ikiwa uso waepukwa hata wakati wa hasira na ugomvi, vipi utalengwa kwa mchezo na kwa ujira?

Hapa ndipo penye jawabu. Katika mapigano ya mchanganyiko mna mieleka, nayo asili yake ni halali. Mwenye kukabwa aweza kupiga mkono kuonyesha kuwa amesalimu, na pambano likaisha. Na pambano la ubingwa halizidi raundi tano za dakika tano. Ama ndondi, imeondoa mieleka yote ikabakisha ngumi, na shabaha yake kubwa ni kichwa. Pambano la ubingwa ni raundi 12 za dakika tatu, yaani dakika 36. Anayeanguka huhesabiwa, na akiinuka hurudishwa kupigwa tena, hali ubongo wake umekwisha tikisika. Wala mtu asidanganyike na unene wa glovu. Glovu hulinda mifupa ya mkono wa mpigaji. Ubongo wa mpigwaji watikisika ndani ya fuvu vile vile.

Kwa hivyo mwenye kuhama aacha lile lililokuwa na uhalali ndani yake, ashika lile lililokatazwa kwa jina. Wala hatusemi kuwa alipo sasa ni salama. Wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Rabita, walipokutana Makka mwaka 1987, waliharimisha ndondi, na pamoja nayo mieleka ile ambayo kila mmoja ana ruhusa ya kumdhuru mwenziwe. Na Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Suratul-Baqara, aya ya 195, tusijitupe katika maangamizo kwa mikono yetu.

Atasema msemaji: "Mbona Riyadh, katika nchi ya Kiislamu, mambo hayo yafanyika hadharani?" Twamjibu: hoja ni Kitabu na Sunna. Matendo ya miji si hoja, hata miji hiyo ikiwa karibu na Makka.

Atasema mwingine: "Na riziki je?" Suala hili ni zito, wala hatulipuuzi. Sisi wa Kenya twamkumbuka Robert Wangila, aliyetuletea medali ya dhahabu ya ndondi kutoka Seoul mwaka 1988. Nchi nzima ilifurahi. Kisha akaenda kupigana kwa malipo, na Julai 1994 akafariki baada ya pambano la Las Vegas, naye hajatimiza miaka 27. Waliompigia makofi walikuwa maelfu, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kumrudishia pumzi moja. Malipo ya ulingoni yana hesabu, na uhai hauna bei.

Basi ewe kijana, jawabu letu ni: usihame, na hapo ulipo tafuta njia ya kutoka. Nguvu zako ni amana. Fundisha watoto mieleka isiyo na madhara, kuogelea na mbio. Fanya kazi ya mikono yako, japo pato lake ni dogo.

Na nyinyi wenye mali, neno letu la mwisho ni lenu. Kijana huyu hakuuliza kwa kupenda kupigwa. Ameuliza kwa sababu hakuona mlango mwingine. Tukimwambia "haramu" kisha tukenda zetu, tumetimiza nusu ya wajibu. Mwenye duka na amwajiri, mwenye karakana na amfundishe, na zaka iwafikie wanaostahiki. Na anayelipa kiingilio kutazama Mwislamu akivunjwa uso ajue kuwa ameshiriki katika kuuvunja.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na atuonyeshe batili tuiepuke. Amin.