Ni Nani Akuchaguliaye Usomacho?

Ndugu mmoja wa darsa letu ametuuliza: mtu akisoma jambo baya katika simu yake, naye hakulitafuta bali lilimjia lenyewe, je, ana lawama? Swali hili si jepesi kama lionekanavyo. Jawabu lake lategemea ni nani aliyelileta.

Wengi katika miji yetu siku hizi hupata khabari zao katika mitandao ya kijamii. Mtu hufungua ukurasa, na mashine imekwisha kumpangia: hili juu, lile chini, na jingine asilione kabisa. Haimuulizi alitakalo; hutazama alipokawia jana, ikamzidishia mfano wake leo. Akikawia penye ugomvi hupewa ugomvi. Instagram zamani ilipanga picha kwa wakati wa kutolewa. Mwaka 2016 ikaanza kuzipanga kwa kukisia mtu atakalopenda.

Walakini iko njia nyingine, nayo ni kongwe zaidi. Mwaka 1999 kampuni ya Netscape ya Marekani ilitoa utaratibu uitwao RSS. Tovuti huweka waraka mdogo, ndio mlisho, wenye vichwa vya makala mapya, tarehe na anwani zake. Msomaji naye huwa na programu aliyoiandikia orodha ya tovuti azitakazo. Programu huzipitia moja moja, kama mtoto atumwaye kubisha hodi milango ile ile kila asubuhi, ikamrudishia lililo jipya, aghalabu kwa mpango wa tarehe tu. Asiyeandikwa haingii. Programu mashuhuri ya namna hii, Google Reader, ilianza 2005 ikafungwa tarehe 1 Julai 2013, na wengi wakadhani jambo lenyewe limekufa. Halikufa. Milisho ingaliko, na hata podikasti huenezwa kwa njia hiyo.

Sisi twaitumia, na twaiona bora. Lakini ina gharama ambayo hatukuitazamia. Tulipokaa kuipitia orodha yetu tulikuta tovuti ishirini na tatu: za lugha, za historia ya pwani, moja ya khabari za maji kujaa na kupwa. Na moja ilikuwa ya mtu ambaye kazi yake ni kuwafanyia dhihaka wale tusioafikiana nao. Hatukuletewa na mashine yo yote. Tulimwandika kwa mkono wetu, na (twaona haya kusema) ndiye tuliyekuwa tukimsoma kwanza. Mtu wa mitandao aweza kusema, "Nililetewa." Sisi tungesema nini?

Hapa wako wasemao: basi heri mashine ichague, tupate udhuru. Twaona udhuru huo ni dhaifu. Lile la kwanza, lililomjia mtu ghafula akalipita, hana lawama nalo. Ama lile alilolikawilia, kisha likamjia la pili na la kumi kwa sababu ya kukawia kwake, hayo ana sehemu yake ndani yake. Yeye ndiye aliyeifundisha mashine. Tofauti ni kuwa kule chaguo lake limefichwa asilione, na katika orodha limeandikwa mstari kwa mstari, aweza kulisoma na kulifuta.

Tulimfuta mwenye dhihaka. Tukadhani tumekwisha, mpaka kijana mmoja darsani alipoitazama orodha yetu akauliza kwa adabu: "Sheikh, katika hizi, ni ipi ikukosoayo?" Tulinyamaza. Zote ishirini na mbili zilikuwa zikisema tuyasemayo.

Sasa imo moja ya mwanachuoni ambaye hatuafikiani naye katika mengi, naye huandika kwa hoja, hatukani mtu. Kumsoma si raha. Asubuhi ya leo alikuwa na makala mawili mapya. Tumesoma moja, na la pili lingali lanangoja.