Moto Juu ya Kijiji cha Wasamaria

Jumapili iliyopita, baada ya ibada hapa Ruiru, mama mmoja alibaki kwenye benchi, Biblia mapajani. "Mchungaji," akaniuliza, "anayeua kwa jina la Mungu ana tofauti gani na anayeua kwa ajili ya kabila?"

Mumewe alikuwa makanga wa matatu za Thika. Kila asubuhi, kabla gari halijatoka steji, alimtilia kijana fulani noti mkononi. Mpaka leo akisimulia jambo hilo hushusha sauti.

Sikumjibu upesi. Watu wa kundi la Mungiki, tuliowajua huku kwetu, walisali wakielekea Mlima Kenya, wakalishana kiapo, wakajiita watetezi wa jamii, kisha wakawatoza wenye matatu noti kama ile ya mumewe. Mwaka 2000 baadhi ya viongozi wao walisilimu. 2009 kiongozi wao akatangaza kuokoka. Dini iliishia wapi, kabila na pesa zikaanzia wapi?

Kiambaa, tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu walichomwa ndani ya kanisa kwa sababu ya kabila lao. Katika chuo kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, wauaji waliwatenga wanafunzi kwa dini, na watu 148 wakafa. Kilio cha mzazi ni kile kile.

Hata hivyo tofauti ipo, nayo inanichoma mimi ninayesimama mimbarini. Ghasia za 2008 zilipoa wakubwa walipoketi mezani wakagawana serikali. Lakini aliyeaminishwa kwamba Mungu ndiye aliyeamuru, utaketi naye ujadiliane nini? Huko msitu wa Shakahola, kuanzia Aprili 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watu waliokufa njaa, watoto wakiwamo. Wapo wazazi waliowanyima watoto chakula wakiamini wanawapeleka kwa Yesu. Hawakuwachukia. Hapo ndipo ninapokosa usingizi, maana maneno yaliyowafikisha kule msituni yalitoka kinywani mwa mhubiri kama mimi.

Katika Luka 9, Yakobo na Yohana wanataka moto ushuke uteketeze kijiji cha Wasamaria kilichomkatalia Bwana malazi. Chuki ya kabila na bidii ya dini zimo katika ombi moja. Yesu anageuka na kuwakemea wanafunzi wake mwenyewe, kisha wanashika njia kwenda kijiji kingine.

Nimemwomba yule mama atusomee aya hizo Jumapili hii. Amekubali, ila anataka mumewe akae benchi la mbele, amwone.