Mtaji wa Kitabu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwandishi David Maillu alianzisha kampuni yake, Comb Books, jijini Nairobi, akachapisha vitabu vyake mwenyewe. Leo wengi wanaifuata njia hiyo. Mwandishi humlipa mhariri, msanifu wa jalada na mpiga chapa kabla hajauza hata nakala moja. Kisha hubeba maboksi, huacha nakala dukani kwa mali kauli, akasubiri. Ndugu na marafiki nao huomba za bure. Mwandishi mwenzangu, mauzo yarudishe kwanza gharama za uchapaji, ndipo ule faida. Nawe msomaji, nunua kitabu cha rafiki yako kwa bei kamili. Hongera ya namna hiyo humwezesha kuchapisha kingine.