Akiba na Ukarimu

Watu wengi hudhani kuwa akiba na ukarimu ni mahasimu wasioweza kulala nyumba moja. Mweka akiba huitwa bahili, na mtoaji husifiwa hata kama anachotoa amekikopa. Dhana hii humwelemea mwanafunzi kuliko watu wengine, maana fedha zake ni chache na waombaji wake ni wengi. Basi yafaa kuuliza: je, mwanafunzi ana haki ya kujiwekea hali ndugu na rafiki zake wana haja?

Kabla ya kujibu, sharti ijulikane fedha zenyewe ni za nani. Nchini Tanzania, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Miongoni mwa mikopo yake ni fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi huziita bumu. Katika mwaka wa masomo 2022/2023 kima chake kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Mkopaji akisha kuajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe, na marejesho hayo hukopeshwa wengine. Kwa hiyo kila shilingi ya bumu ina wenyewe watatu: mwanafunzi wa leo anayeila, mfanyakazi wa kesho atakayeilipa, na kijana asiyejulikana atakayekopeshwa baadaye. Anayeitapanya huwadhulumu wawili ambao hawapo kujitetea.

Fedha hizo huja kwa mafungu, na hapo ndipo penye mtego. Fungu la siku 60 ni shilingi 600,000. Jicho huona laki sita, na moyo husahau siku sitini. Mwanafunzi akitumia shilingi 20,000 kwa siku katika siku 15 za mwanzo, nusu ya fungu imekwisha, na siku 45 zilizosalia atakuwa na shilingi 6,600 na ushei kwa siku. Hakuna mwizi aliyeingia chumbani mwake. Huanza kuruka mlo wa asubuhi, husinzia katika mhadhara, kisha huzunguka kwa wenzake akiomba akopeshwe. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Wahenga walikwisha kuitaja dawa: mali bila daftari hupotea bila habari. Chakula, nauli, vitabu na uchapishaji wa kazi za masomo vyapaswa kupewa mafungu yao kabla fedha hazijafika mkononi. Fedha isiyopangiwa kazi ni ya mwombaji wa kwanza, na mwombaji wa kwanza si lazima awe ndiye mwenye shida kubwa. Mara nyingi ni mwenye ulimi mwepesi tu.

Lakini daftari lina mtihani wake mgumu. Mama hupeleka habari kuwa mdogo mtu amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare ya shule. Kumwambia mwanafunzi afumbe mkono ni kumfundisha kuwasahau waliomlea, na elimu ya namna hiyo ni hasara kwa ukoo na kwa nchi. Kumwambia atoe chakula chake chote nako ni kumwangusha katika masomo, na akianguka yeye, tumaini la nyumba limeanguka naye. Njia iliyo sawa ni kuuandika wajibu huo daftarini mapema, kama unavyoandikwa mkate. Shilingi 1,000 zikitengwa kila siku, kwa siku 60 ni shilingi 60,000. Hazijengi nyumba, lakini zikiombwa zipo, na hutolewa bila kukopa na bila kinyongo. Nazo zikiisha, mwanafunzi huweza kusema "sina" akiwa mkweli. Na "sina" ya kweli ina heshima kuliko "ndiyo" ya mkopo.

Yuko atakayepinga kuwa wapo wanafunzi ambao fedha zao hazitoshi hata zikihesabiwa vipi. Neno hilo ni la haki. Daftari halizidishi fedha, na ufukara si dhambi ya kukemewa. Hata hivyo daftari hutenganisha upungufu na uzembe. Anayejua kila senti ilikokwenda huomba nyongeza kwa ushahidi, na humjua rafiki aliyepungukiwa kwa kweli, maana amekwisha kuipima njaa kwa hesabu.

Basi mwanafunzi anayo haki ya kujiwekea, nayo ni haki yenye sharti. Bahili huweka ili asitoe. Mwenye akiba huweka ili siku ya kutoa isimkute mikono mitupu. Kutoa ni moyo, walisema wazee, wala si utajiri. Lakini moyo nao huhitaji kibindo.