Ukuta Usiokuwemo Mchoroni

Mwaka 1905 mkandarasi aitwaye Spearin aliingia mkataba na serikali ya Marekani kujenga chelezo cha kutengenezea meli katika kambi ya jeshi la majini huko Brooklyn, New York, kwa dola 757,800. Mfereji wa majitaka wa futi 6 ulipita hapohapo palipotakiwa kuchimbwa, ikabidi uhamishwe kwanza. Michoro na maelezo ya kiufundi vilitaja ukubwa wake, mahali pake na vifaa vya kuujengea. Spearin akafuata yote, serikali ikaipokea kazi ya mfereji.

Yapata mwaka baadaye mvua kubwa ilinyesha ghafla huku maji ya bahari yamejaa. Mfereji ukapasuka, shimo la chelezo likafurika. Uchunguzi ukakuta ukuta wa kimo cha futi 5 hadi 5.5 ndani ya mfereji jirani wa futi 7. Ukuta ndio uliosukumia maji mengi kwenye mfereji wa Spearin. Ukuta huo haukuwemo katika mchoro wowote aliopewa. Kinachouma zaidi, baadhi ya maofisa walijua kuwa pale maji hufurika mara kwa mara, na hakuna aliyemwambia.

Mchoro humwonyesha fundi kitu kikae wapi na kiwe na umbo gani; maelezo humwambia atumie nini, kwa kiwango kipi. Tumezoea kuhofia pale viwili hivi vinapopingana. Hapa havikupingana hata kidogo, na hilo ndilo lililomponza mkandarasi: vilikubaliana, navyo vyote vilinyamazia ukuta.

Serikali ilimtaka arekebishe kwa fedha zake, kwa kuwa mkataba ulimtaka akague eneo. Akakataa, mkataba ukavunjwa. Mwaka 1918 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kalamu ya Jaji Brandeis, iliamua kwamba anayejenga kwa michoro na maelezo ya mwenye mradi habebi kasoro zilizomo, na sharti la jumla la kukagua eneo halibadilishi hilo. Ikathibitisha kwamba Spearin alipwe dola 141,180.86.

Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Nairobi wala Dar es Salaam. Kwa hiyo mkandarasi wa huku aulize kwa maandishi, kabla hajaweka bei, mifereji ya zamani imepita wapi na imewahi kufurika lini, kisha adai jibu liambatishwe kwenye mkataba.