Kazi Hugawanywa, Dhamana Haigawanywi

Je, Mkristo anaweza kuwa injinia wa mitambo ya elektroniki ya ndege za kivita? Wengi hujitetea, "Mimi naunganisha waya tu, kombora atafyatua mwingine." Mimi nilisomea biashara. Tulifundishwa kugawa kazi ili iende haraka. Lakini dhamana haigawanywi hivyo.

Tarehe 3 Julai 1988, manowari ya Marekani, Vincennes, ilitungua ndege ya abiria ya Iran. Watu 290 walikufa. Ndege ilikuwa ikipaa na kutoa ishara ya kiraia, na mitambo ya meli ilirekodi hivyo. Mabaharia, kwa hofu, waliamini inashuka kuwashambulia. Skrini kubwa haikuwaonyesha ndege iko juu kiasi gani. Hiyo skrini pia ilichorwa na mtu mezani.

Yohana Mbatizaji hakuwaambia askari waache kazi, aliwakataza kudhulumu. Kwa hivyo kijana wangu, sikukatazi. Ila kabla ya kutia sahihi, jiulize: hiki kifaa kikifanya kazi sawasawa, ni nani atalia? Na nikiona kosa, nitasema hata mshahara ukikatika? Kama huwezi kusema, hiyo kazi imeshakununua.