Kuipenda Kwenu na Kuisema



Kijana mmoja wa VIWAWA aliniuliza: "Frateri, nikiutangaza ubaya wa kwetu, si nakuwa msaliti?" Swali zito hilo, maana wengi tumelelewa tukiamini kwamba mambo ya nyumbani huishia nyumbani.

Mimi humkumbuka Hodding Carter, mwandishi Mzungu wa Greenville, mji mdogo kando ya mto Mississippi, Marekani. Mwaka 1936 alianzisha gazeti hapo, likaja kuitwa Delta Democrat-Times. Halikukaa sana likachapisha picha ya Jesse Owens, mwanariadha Mweusi aliyeshinda medali 4 za dhahabu Berlin. Wasomaji Wazungu walikasirika. Picha tu, jamani!

Vita Kuu ya Pili ilipokuja alijiunga na jeshi, na jicho lake la kulia likapofuka akiwa mazoezini. Aliporudi aliwatetea kwa kalamu askari Wamarekani wenye asili ya Japani, waliopigania nchi ambayo bado iliwadharau. Mwaka 1946 akapewa Tuzo ya Pulitzer. Mwaka 1955 alipoandika dhidi ya vyama vya Citizens' Council vilivyotetea ubaguzi, Baraza la Wawakilishi la Mississippi lilipiga kura, 89 kwa 19, kwamba amesema uongo. Alijibu ukurasa wa mbele kwamba naye amepiga kura, moja kwa sifuri, na waongo ni wao 89. Sisemi tuwajibu wazee hivyo, ila nilicheka sana.

Je, huo ni usaliti? Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anauweka wajibu wa kumwonya ndugu chini ya fadhila ya upendo. Hapo nilitulia nikafikiri. Kwa hiyo kunyamaza nako kunaweza kuwa upungufu wa upendo, hata tukikuita heshima. Lakini anatofautisha: kosa la siri lianzie faraghani, kama Mathayo 18 inavyoelekeza, ili jina la mtu lisivunjwe bure; kosa la hadharani laweza kukemewa hadharani. Ubaguzi wa Mississippi haukuwa siri ya mtu. Ulikuwa sheria, ulikuwa kwenye vibao vya milangoni.

Sasa angalia magrupu yetu ya WhatsApp. Dada fulani kateleza, screenshot imezunguka kanda nzima kabla hata jirani hajamgongea mlango. Lakini michango ya jumuiya isiposomewa mapato na matumizi miaka miwili, kimya! Naona tumegeuza mpangilio: ya siri tunayaanika, ya wazi tunayafunika. Na mficha maradhi kifo humuumbua.

Carter hakuwa mtakatifu wa kuwekwa altareni. Hakutaka ubaguzi uondolewe haraka. Alitaka polepole, na polepole ni rahisi kwa asiyeumia. Hapo simtetei. Ila kuna jambo moja linalonifanya nimsikilize kuliko wanaotupa mawe mtandaoni wakiwa mbali: alikaa palepale. Aliowakosoa ndio waliomuuzia mkate na kulipia matangazo ya gazeti lake, na kesho yake alikutana nao barabarani. Alifariki hapohapo Greenville mwaka 1972, na mwanawe akaendelea kuliongoza gazeti.